Daftari la Magoti

Saa tano nateremka ukingoni kwa Mama Nabintu.
Yeye hununua barafu ili sambaza wasioze,
mimi naitaka kwa ajili ya vifundo vya miguu.
"Leo ni nani?" huniuliza, nyundo ikiwa juu.
"Bado hakuna."
"Basi beba. Mechi haikosi mtu."

Barafu hunuka samaki.
Wasichana hulalamika, kisha hunyamaza,
maana maumivu hayana pua.

Mkobani: mkasi, plasta, ndizi mbili,
bandeji tatu zilizofuliwa hadi zimesahau kuvutika,
na daftari. Humo nimeandika:
Furaha, la kulia, huuma mvua ikinyemelea.
Ntakwinja, la kushoto. Aliteleza sokoni Kadutu
na gunia la makala kichwani. Kocha asijue.
Wengine nalijua goti kabla sijajua jina.

Baba aliuza ng'ombe wawili kule Walungu
nikasomee viungo vya mwili.
Siku aliyokuja uwanjani kunitazama
aliniona nakimbia na chupa ya maji.
Hakusema neno njia nzima.
Tulipofika, akavua kofia:
"Ng'ombe wangu walikuwa wazito kuliko ile chupa."

Sikumjibu. Ningemjibu nini?
Kwamba kazi yangu ikienda vizuri haionekani?
Kwamba msuli usiochanika hauna hadithi,
na hakuna anayepiga vigelegele
kwa kifundo ambacho hakikuteguka?

Dakika ya sabini na moja, Cibalonza aligeuka
mguu ukabaki.
Niliusikia mlio, mdogo,
kama bua kavu la mtama.
Nilipofika alikuwa ameshaketi, anatabasamu kwa meno yote.
"Niko sawa, dada. Nifunge tu."

Mkono mmoja pajani, mwingine chini ya goti, nikavuta.
Goti zima hukataa, kama mlango wenye komeo.
Hili lilikubali.
Nikavuta tena, nikitumaini nimekosea.
Likakubali tena, kwa adabu.

"Mpulizie dawa!" Kocha Mushagalusa alikuwa amevuka mstari.
"Dakika kumi na tisa tu! Kumi na tisa!"
Jukwaani: inuka, inuka, inuka.
Na yeye, akinishika kola, kwa sauti ya chini:
"Dada, leo kuna watu wa Kinshasa."

Nilijua. Niliwaona, shati jeupe na kalamu.

Nikainua mikono, nikaizungusha hewani.
Atoke.

Tulifungwa dakika ya themanini na nane.
Ganda la muwa lilinipata shingoni.
Mtu akaniita mchawi, mwingine akauliza nimelipwa ngapi,
swali lililonichekesha, maana
mshahara wa miezi miwili ulikuwa bado njiani
na barafu nilikuwa nimeikopa.

Cibalonza hakunisemesha wiki tatu.
Ya nne alikuja na fimbo ya kaka yake, akasimama mlangoni:
"Haya. Tuanze."

Kwetu Bukavu hakuna mashine inayoshinda kilima.
Kupanda si kitu, hata hasira hupanda;
kushuka ndiko hupima goti.
Kwa hiyo tunashuka, kila asubuhi,
ngazi za udongo hadi ziwani, vidato mia na arobaini,
mimi mbele nikirudi kinyumenyume, mikono wazi,
yeye akinitukana kwa Mashi taratibu,
wauza mkate wakitupisha.

Mwezi wa saba sasa. Leo fimbo kaiacha nyumbani.
Kwenye kidato cha tisini na tatu anasimama,
anatazama maji, hatazami mguu.
"Linauma?"
"Niko sa..."
Nangoja. Mbuzi anapita kati yetu.
"Kidogo," anasema.

Natoa daftari, nalamba ncha ya kalamu iliyokauka,
naandika tarehe, naandika tisini na tatu,
naandika: kidogo.